Wimbo wa Nchi Uchaguliwe na Nchi

Tanzania inapomtuma mwimbaji kushindana ng'ambo, ushindi wake huwa ushindi wetu sote, na kushindwa kwake hutuuma sote. Ni haki basi tuulize ni nani aliyemchagua, alimchagulia wapi, na kwa kipimo gani. Twauliza kwa sababu uchaguzi wa namna hiyo una mazoea ya kuanzia mijini na kuishia mijini, na walio mbali huletewa habari mambo yakiwa yamekwisha.

Tuchukue mfano wa Kisorya. Kata hiyo ya wilaya ya Bunda, mkoani Mara, iko ukingoni mwa ziwa, mahali ambapo kivuko huvusha watu kwenda Rugezi katika kisiwa cha Ukerewe. Hapo Wajita, Wakerewe na Wasukuma hukutana, na kila mmoja huja na nyimbo zake: za kulima, za kuvuta nyavu, za arusi na za msiba. Katika mkoa huo huo Wakurya wana litungu lao la nyuzi nane. Mtu asituambie kwamba mahali kama hapo hapana waimbaji. Kinachokosekana ni nauli. Kijana wa Kisorya akitaka kusikilizwa Dar es Salaam hana budi aache nyavu au shamba la pamba, akatize nchi nzima toka ziwani mpaka baharini, atafute pa kulala, naye hana hakika kama ataimba hata ubeti mmoja.

Mashindano ya Tusker Project Fame, yaliyowakutanisha vijana wa Afrika Mashariki mjini Nairobi, yametuachia funzo. Tangu awamu ya kwanza ya mwaka 2006 hadi ile ya sita ya mwaka 2013, Kenya ilishinda mara mbili, Uganda mara mbili, Rwanda mara moja na Burundi mara moja. Tanzania haikushinda, ingawa mwaka 2010 kijana wetu Peter Msechu alishika nafasi ya pili. Hatusemi kwamba tulidhulumiwa. Walioshinda walistahili pongezi. Twasema tu kwamba nchi kubwa kama yetu haiwezi kujua kama imepeleka walio bora, ikiwa haijawasikiliza walio wengi.

Liko pia jambo la kura. Siku hizi watazamaji huombwa wachague kwa simu, na mara nyingi kila kura hulipiwa. Mwenye fedha hupiga kura ishirini. Mvuvi hupiga moja, au hapigi kabisa. Katika kumchagua diwani tusingekubali hata siku moja kwamba kura za mtu ziongezeke kwa kadiri ya mfuko wake. Kwa nini tukubali katika kumchagua atakayebeba jina la nchi?

Ulaya nako wameyaonja hayo. Katika mashindano yao ya Eurovision, yaliyoanza mwaka 1956, kura za simu zilijaribiwa mwaka 1997 katika nchi tano, kisha zikaenea kote. Malalamiko yalipozidi, mwaka 2009 waamuzi wenye ujuzi walirudishiwa nusu ya uamuzi katika fainali. Mwaka 2025 mtu mmoja aliweza kupiga hadi kura 20. Kwa mashindano ya mwaka 2026 idadi hiyo ilipunguzwa kuwa 10. Swideni nayo, katika kumpata mwakilishi wake, tangu mwaka 2002 huzungusha raundi za mchujo toka mji hata mji. Ikiwa nchi tajiri haioni haya kuwafuata watu wake, sisi twaona haya ya nini?

Wapo watakaosema kwamba muziki una mabingwa wake, na kwamba umati usiingizwe. Tuwajibu kwa mfano wa jirani. Wimbo wa Taifa wa Kenya, uliotayarishwa mwaka 1963, ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto, uliotolewa na Mzee Meza Moroa Galana. Jopo la mabingwa watano, wakiwamo Graham Hyslop na George Senoga-Zake, ndilo lililoutengeneza ukafaa kuimbwa na taifa. Kijiji kilitoa sauti, na bingwa akatoa ufundi. Hakuna aliyemfukuza mwenziwe.

Uganda nayo yatufunza upande wa haki. George Wilberforce Kakoma alitunga wimbo uliochaguliwa kuwa wa taifa mwaka 1962, akapewa shilingi 2,000. Uzeeni alifika mahakamani kudai haki yake ya utunzi, akafariki mwaka 2012. Mtunzi ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine, na jasho lake lina bei.

Basi twapendekeza hivi. Kwanza, mchujo uanzie katani, upande wilayani na mkoani, chini ya Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na maafisa utamaduni wa halmashauri. Pili, waamuzi watangazwe mapema, na alama zao zisomwe hadharani. Tatu, kura ya simu iwe moja kwa kila simu, tena bila malipo, nayo isizidi nusu ya uamuzi. Nne, mtunzi apewe mkataba wa maandishi kabla wimbo wake haujavuka mpaka; Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ipo.

Tutaambiwa habari ya gharama. Lakini waamuzi watano wakipanda basi kwenda Bunda, gharama yake ni ndogo kuliko vijana mia wa Bunda wakipanda basi kwenda Dar es Salaam. Tofauti ni kwamba ya kwanza hulipwa na wenye shughuli, na ya pili hulipwa na maskini.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huo huo wa Mara, aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana mwaka 1962, nchi ikiwa changa na hazina yake haba. Hakungoja tutajirike kwanza. Wanachama na wafanyakazi waliulize jambo hili katika mikutano yao, na madiwani walipeleke katika halmashauri zao. Wimbo utakaoimbwa kwa jina la Kisorya, sharti Kisorya nayo iwe imeusikia kwanza.