Makelele wa gari anakufa kwa kiu

MWAKA 2003 Real Madrid ilimsajili David Beckham kutoka Manchester United, na katika dirisha hilohilo ikamwacha Claude Makelele aende Chelsea. Makelele alikuwa kiungo mkabaji. Hafungi mabao, hauzi jezi. Kauli inayotajwa sana kuwa ya Zinedine Zidane iliuliza kuna faida gani kuipaka Bentley rangi nyingine ya dhahabu wakati injini nzima inaondoka.

Kilichofuata kila shabiki anakijua. Chelsea ilibeba ubingwa wa England 2005 na 2006. Real Madrid, pamoja na mastaa wake wote, haikuuona tena ubingwa wa La Liga hadi 2007.

Kosa hilo linarudiwa kila wikiendi kwenye maegesho ya viwanja vya mpira, na safari hii wanaolifanya ni mashabiki wenyewe. Siku ya dabi kijana anaingia na Golf GTI yake. Rimu mpya, ekzosi inanguruma, vioo vyeusi tii. Akiulizwa mafuta ya gia boksi yalibadilishwa lini, kimya. Au linatoka lile jibu maarufu: “Hayo ni ya maisha, hayabadilishwi.”

Hapo ndipo watu wanapofungwa bao la kizembe.

Kwenye gari, gia boksi ndiyo kiungo. Injini inatengeneza nguvu, matairi ndiyo yanayofunga, lakini mpira wote unapita katikati. GTI nyingi otomatiki za kizazi cha 5 na cha 6 zina boksi ya DSG ya gia 6, yenye klachi 2 zinazofanya kazi ndani ya mafuta. Klachi moja inasimamia gia ya 1, 3 na 5. Nyingine inasimamia ya 2, 4 na 6. Gari likiwa kwenye gia ya 3, ya 4 imeshaandaliwa, kama mchezaji wa akiba aliyemaliza kupasha misuli na kusimama mstarini akisubiri namba yake iinuliwe. Ndiyo maana gari lile linabadilisha gia kufumba na kufumbua.

Mafuta ya boksi hiyo yana kazi tatu kwa mpigo. Yanalainisha gia, yanapoza klachi, na yanabeba presha inayosukuma gia ziingie na kutoka. Kila klachi zinaposhikana kuna unga mdogo unaosagika, unaingia kwenye mafuta, filta inaudaka. Filta ikielemewa na mafuta yakichoka, gari linaanza kushtuka wakati wa kuondoka na gia zinaingia kwa kusitasita. Kwenye foleni ya kwenda hatua mbili na kusimama, joto linapanda na kiungo anaanza kushika kiuno.

Hilo la “ya maisha” kwa boksi hii halikutoka kiwandani. Volkswagen wenyewe waliweka kilomita 60,000, mafuta na filta vyote vibadilishwe. Hata ZF ya Ujerumani, inayotengeneza boksi za gia 8 zilizomo kwenye BMW nyingi, inashauri mafuta yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au kila miaka 8, ingawa magari hayo yamesifiwa miaka yote kuwa mafuta yake ni ya maisha. Maisha ya nani? Ya mnunuzi wa kwanza kule Ulaya, au ya huyu wa tatu anayelipeleka gari Mbeya na kurudi?

Kwa Afrika Mashariki jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu GTI nyingi zinaingia zikiwa mtumba kutoka Japani na Uingereza. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, hivyo gari linaweza kushuka bandarini Mombasa likiwa na miaka 7. Kwa umri huo linaweza kuwa limeshapita kilomita 60,000 zake za kwanza, na kitabu cha huduma hakionekani. Mwenye akili anaanza kuhesabu upya siku anayokabidhiwa funguo.

Na kazi hii mwenye gari anapaswa kuifanya mwenyewe, au angalau awepo tangu bolti ya kwanza hadi ya mwisho. Wapo watakaosema huko ni kumnyima fundi riziki. Sivyo. Fundi ana kazi nyingi ambazo mwenye gari hawezi kuzigusa. Hii ni kazi ya utulivu, na utulivu ndicho kitu kinachokosekana kwenye gereji yenye magari manane yanayosubiri.

Gari linainuliwa likiwa sawasawa pande zote, juu ya stendi nne imara. Anayeingia chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake anacheza na roho yake. Filta iko juu ya boksi, ndani ya kasha lake, na kufika hapo inabidi kutoa vitu vilivyo juu yake, yakiwemo mabomba ya hewa. Bolti ya kumwagia iko chini. Ikifunguliwa mafuta kidogo yanatoka, halafu mengi wanadhani yamekwisha. Ndani ya tundu lile kuna kijibomba cha plastiki kinachofunguliwa kwa spana ya pembe sita ya milimita 8. Kikitoka ndipo mafuta yenyewe yanashuka. Boksi inabeba lita 7 na kidogo, zinazotoka ni kama lita 5.

Kijibomba hicho ndicho kipimo cha ujazo. Lazima kirudishwe kabla ya kujaza mafuta mapya. Na mafuta yenyewe ni ya DSG, yenye namba G 052 182 au yaliyothibitishwa kulingana nayo. Anayemimina haidroliki yoyote ya dukani amemchezesha kipa namba tisa.

Mpya yakishaingia, injini inawashwa, mguu kwenye breki, na mkono wa gia unapitishwa kila sehemu taratibu kisha unarudi P. Halafu mashine ya uchunguzi inachomekwa kusoma joto la mafuta. Yakiwa kati ya nyuzi 35 na 45, injini ikiendelea kuzunguka, bolti ya chini inafunguliwa. Ya ziada yanamwagika, yakibaki matone tu, inafungwa kwa washa mpya.

Dakika hizo chache ndizo fainali. Mafuta yakiwa ya moto kupita kiasi yanatanuka, yanamwagika mengi, gari linaondoka na upungufu. Yakiwa ya baridi, yanabaki mengi kuliko inavyotakiwa. Gari litaondoka gereji likitembea vizuri na mwenye gari atalipa akitabasamu. Malipo ya kweli yanakuja miezi kadhaa baadaye, kwa boksi nzima, na hapo anajikuta akiuza rimu.

Mashine ya kusoma joto inaweza kuazimwa, au marafiki wanne wenye magari ya aina moja wakachanga kuinunua. Vijana hao wanachangishana kukodi basi la kwenda Dodoma kuangalia mechi. Hiki nacho hakiwashindi.

Ukweli mwingine usemwe pia. Mafuta mapya hayafufui maiti. Gari ambalo limekuwa likishtuka kwa miaka miwili linahitaji fundi anayejua umeme na haidroliki za boksi hiyo. Kulimwagia lita 5 na kutegemea miujiza ni kumwingiza mshambuliaji dakika ya 89 timu ikiwa nyuma mabao manne. Na ile DSG ndogo ya gia 7 yenye klachi kavu, inayokaa kwenye Golf za kawaida, ina mafuta yake na utaratibu wake. Maelekezo ya hii yasihamishiwe kule.

Mafuta machafu nayo yasiishie kwenye mtaro. Yarudi kwenye dumu na yapelekwe kwa wanaokusanya oili chafu, kwa sababu mtaro huo mvua zikinyesha unapita mlangoni kwa watu.

Shabiki anayeweza kutaja kikosi cha kwanza cha timu yake cha miaka 10 iliyopita, namba kwa namba, hawezi kushindwa kukumbuka kilomita 60,000. Aiandike kwa kalamu kwenye karatasi, abandike karibu na usukani: tarehe, kilomita, mafuta, filta. Siku akiliuza gari, karatasi hiyo itamsaidia kwa mnunuzi anayejua magari kuliko ekzosi.