Uzuri wa Mkakasi: Kifaa cha Moto cha Nywele na Lugha Iliyosahauliwa

Wahenga walilonga kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii yaafiki hali ya vifaa vingi vya umeme vya kutengenezea nywele vinavyouzwa madukani katika miji ya Kenya. Kisanduku hung'aa. Juu yake huwa na picha ya mwanamke mwenye nywele za singa zinazoteleza mithili ya maji, na maandishi yanayotangaza kwamba kifaa kilichomo hunyoosha, hukunja, hutia mawimbi na hukausha. Mnunuzi akifungua kisanduku, mara nyingi hukuta kijitabu chenye lugha kadha wa kadha, Kiswahili kikiwa hakimo, na maelekezo yasiyogusia nywele za kipilipili, ambazo ndizo nywele za Wakenya walio wengi. Kwa hivyo kifaa kinachodaiwa kufaa kila kichwa huwa hakikubuniwa kwa kichwa cha mnunuzi huyo, wala hakimwelezi jinsi ya kujikinga na moto wake.

Makala haya yanashikilia kwamba ufaafu wa kifaa cha matumizi mengi haupimwi kwa idadi ya vipande vinavyochomekwa kwenye mpini wake. Hupimwa kwa mambo mawili: uwezo wa kudhibiti joto kulingana na nywele za aina mbalimbali, na uwezo wa kumweleza mtumiaji, kwa lugha anayoielewa, joto hilo ni la kiasi gani na lafaa lini. Jambo la kwanza ni la mhandisi. La pili ni la mwanalugha, na kuhusu hili la pili wataalamu wa Kiswahili hawajasema ndewe wala sikio.

Historia yaonyesha kwamba tatizo la kipimo cha joto ni kongwe. Mnamo mwaka wa 1872, jijini Paris, Marcel Grateau alianza kutumia koleo la chuma lililopashwa moto ili kutia nywele mawimbi, na mtindo huo ukaitwa kwa jina lake. Koleo hilo halikuwa na kipimajoto. Fundi alilibana kwenye karatasi, na karatasi ikigeuka rangi alijua kwamba moto umezidi. Huko Marekani, chanuo la chuma la kupashwa moto lilienea miongoni mwa wanawake weusi mwanzoni mwa karne ya 20, hasa kupitia biashara ya Madam C. J. Walker (1867–1919), ambaye mara nyingi husifiwa kuwa mvumbuzi wake ilhali chanuo hilo lilikuwako kabla yake. Mwaka wa 1920 Walter Sammons wa Philadelphia alipewa hataza ya chanuo lililoboreshwa la kunyooshea nywele. Nchini Kenya nako, chanuo la aina hiyo liliwekwa juu ya jiko la makaa, kisha likajaribiwa kwenye kitambaa au karatasi kabla ya kupitishwa nyweleni. Mkono uliozoea kazi ulijua kukadiria. Mkono mchanga ulijifunza kwa kuunguza masikio na shingo za wateja.

Ili kuelewa umuhimu wa kipimo hiki, hapana budi kuutazama unywele wenyewe. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini. Umbo lake hushikiliwa na vifungo vya aina mbalimbali, na viwili kati yavyo vinahusu mjadala huu. Vipo vifungo vya haidrojeni, ambavyo ni dhaifu na hulegezwa na maji au joto, na vipo vifungo vya salfa, ambavyo ni imara na huhitaji kemikali kali ili vivunjwe. Kifaa cha moto hulegeza vile vya kwanza. Unywele ukipewa umbo jipya kisha ukaachwa upoe, vifungo hivyo hushikana upya na umbo hudumu hadi maji au unyevu wa hewa uvilegeze tena. Ndiyo sababu nywele zilizonyooshwa asubuhi katika jiji la pwani kama Mombasa huanza kujikunja jua likiwa bado juu. Ndiyo sababu pia kuziacha nywele zipoe ni sehemu ya kazi, si kupoteza wakati.

Joto linapopita nyuzi 200 za Selsiasi, keratini yenyewe huwa katika hatari ya kuharibika, na hakuna mafuta yanayoweza kuirejesha hali yake. Hatari hiyo huja mapema zaidi nywele zikiwa na maji. Maji yaliyomo ndani ya unywele hugeuka mvuke kwa ghafla na kuacha mapovu yanayoufanya ukatike. Uchunguzi uliochapishwa nchini Uingereza mwaka wa 1994 ulionyesha kwamba koleo lenye joto la nyuzi 125 tu, likishikiliwa kwa dakika moja kwenye nywele zenye unyevu, laweza kuleta mapovu hayo. Wazee walisema ngozi ivute ingali maji, na samaki mkunje angali mbichi. Unywele haumo katika hekima hiyo: haukunjwi kwa chuma cha moto ungali maji.

Nywele za kipilipili zina mahitaji yake. Kila mahali unywele unapojipinda huwa pepesi kukatika, na mafuta ya ngozi ya kichwa hayateremki kwa urahisi hadi ncha zake, kwa hivyo hukauka upesi. Koleo lenye mabapa laini hukwama kwenye nywele hizo zisipochanuliwa kwanza, na msusi anayekwama hulazimika kulirudisha koleo mara tatu au nne mahali pale pale. Kila marudio ni joto jingine juu ya joto. Mbunifu anayeanza na nywele za singa hawezi kuliona tatizo hili, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Inafaa kukumbuka kwamba Kiswahili kimekuwa na maneno singa na kipilipili tangu zamani, ilhali mpangilio maarufu wa aina za nywele kuanzia 1 hadi 4 ulienezwa na Andre Walker wa Marekani katika miaka ya 1990. Msamiati wa kumwongoza mbunifu ulikuwapo. Aliyekosekana ni wa kumfikishia.

Kifaa kinachostahili kuitwa cha matumizi mengi chaweza kuelezwa bila mbwembwe. Kiwe na mabapa mawili ya alumini yenye mgongo wa mviringo, ili kikivutwa moja kwa moja kinyooshe na kikizungushwa kikunje, pasipo kubadilisha kipande. Kiwe na chanuo la meno mapana linaloweza kubandikwa na kubanduliwa, ili nywele za kipilipili zichanuliwe na kunyooshwa kwa mpito mmoja. Kipashwe kwa seramiki ya aina ambayo ukinzani wake wa umeme hupanda sana inapofikia joto fulani, hivi kwamba hujizuia yenyewe isizidi. Joto lioneshwe kwa nyuzi, si kwa taa nyekundu pekee. Ncha yake isipate moto, na kifaa kijizime kinapoachwa mezani. Aidha, kiundwe kwa umeme wa volti 240 unaotumika Kenya, kwani kifaa cha kawaida kilichoundwa kwa volti 120 za Marekani, kikichomekwa hapa bila kibadilisha umeme, huvuta nguvu takriban mara nne ya ile kilichokusudiwa, na mwisho wake ni moshi.

Huenda msomaji akadhani kwamba haya ni ndoto. Sivyo. Kampuni ya Dyson ilitoa draya ya Supersonic mwaka wa 2016 na kifaa cha Airwrap mwaka wa 2018. Airwrap hukunja nywele kwa mkondo wa hewa unaong'ang'ania uso uliopinda, na kampuni hiyo hueleza kwamba joto lake hupimwa mara nyingi kwa sekunde ili lisifikie kiwango cha kudhuru. Kudhibiti joto, basi, kunawezekana. Hata hivyo, chanuo la meno mapana la nywele zilizojikunja sana liliongezwa kwenye Supersonic miaka kadhaa baada ya draya yenyewe kuingia sokoni. Nywele za kipilipili zilifika kama mgeni aliyekuta karamu imekwisha na sahani zinaoshwa. Isitoshe, bei ya vifaa hivyo haiwezi kumudiwa na msusi wa kawaida wa mtaani, ambaye ndiye anayeshika moto kutwa kucha.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inatambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa vifaa vya umeme vya nyumbani, IEC 60335-1, nacho chataka maelekezo yaandikwe kwa lugha rasmi ya nchi ambamo kifaa kitauzwa. Tatizo ni kwamba kiwango hicho hutosheka na lugha rasmi moja. Mtengenezaji akiandika Kiingereza peke yake, ametimiza sharti hilo. Kiswahili ni rasmi kwenye Katiba na ni kimya kwenye kisanduku, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wapo watakaopinga kwamba wasusi wengi wamesoma na wanakijua Kiingereza. Hoja hiyo haina mashiko. Onyo la moto halisomwi kwa utulivu wa maktaba. Husomwa kwa jicho moja, koleo likiwa mkononi na mteja akiwa kitini. Wapo pia watakaotaja gharama, ilhali vijitabu hivyo tayari huchapishwa kwa lugha nyingi, na maneno machache ya Kiswahili yangewafaa wanunuzi kutoka Mombasa hadi Bujumbura. Kundi la tatu litauliza kwa nini nywele za kipilipili zinyooshwe hata kidogo. Swali hili lina uzito, maana picha ya kisandukuni imewafunza wengi kuudharau utosi waliozaliwa nao. Lakini joto la wastani hutumika pia kuzivuta nywele za asili kabla ya kusukwa, ili msusi azigawe bila kuzikata. Kifaa kilichobuniwa vyema humfaa anayetaka nywele za singa na humfaa vilevile anayetaka mabutu.

Kuandika maelekezo hayo si kazi ya kufungua kamusi na kubadilisha neno kwa neno. Mfasiri asiyejua saluni, akitaka kuonya kwamba sehemu ya nje ya kifaa ina joto kali, anaweza kuandika "tahadhari: uso ni moto", na mtumiaji akashangaa ni uso wa nani. Anaweza kuyaita mabapa ya koleo "sahani", na mawazo yakaenda jikoni. Wasusi tayari wana istilahi zao: pasi ya nywele, draya, chanuo la moto, rola. Istilahi ya kitaaluma isiyowasikiliza itapata hatima ya neno tarakilishi, ambalo limesalia zaidi vitabuni na mitihanini huku umma ukisema kompyuta. Vilevile, kuandika "joto la chini, la wastani, la juu" hakutoshi. Anachohitaji mtumiaji ni kauli kama "nywele zilizotiwa rangi: usizidishe nyuzi 150" au "usitumie kwa nywele zenye maji". Kauli fupi za namna hii zahitaji mtu anayeijua sarufi, anayejua matumizi, na aliyewahi kuketi saluni akasikiliza.

Watu hao wapo vyuoni. Katika vyuo vikuu kadhaa nchini, idara ya Kiswahili na idara ya uhandisi ziko katika bewa moja, zikitenganishwa na mwendo wa dakika chache, na baina yake hakuna anayebisha hodi. Mwanafunzi wa isimu anayetafuta mada ya tasnifu angeweza kukusanya msamiati wa wasusi walio karibu na chuo chake. Mwenzake wa uhandisi angeweza kupima joto halisi la vifaa wanavyotumia. Wawili hao wangetoa ukurasa mmoja wa maelekezo ambao msusi angeubandika ukutani, na ambao Shirika la Viwango la Kenya lingeweza kuutazama linapofikiria masharti ya lugha kwa bidhaa za umeme.

Kukisifu Kiswahili majukwaani ni jambo jema, lakini lugha hukua pale inapopewa kazi, na kazi hii haijapata mwenyewe. Karatasi iliyoungua imekuwa kipimajoto cha msusi kwa muda wa kutosha. Sasa apewe karatasi yenye maneno anayoyaelewa, kabla koleo halijagusa kichwa cha mtu.