Utafiti wa kilimo upimwe hadi Rusumo

Mnunuzi wa mihogo hapa Rusumo hana haja ya maabara. Huchukua mhogo mmoja kutoka kwenye gunia, huukata kati, hutazama ndani. Akikuta madoa ya kahawia, bei hushuka papo hapo au gunia humrudia mwenyewe. Kwa mkulima aliyetoka vijijini Ngara, au mbali zaidi upande wa Biharamulo, nauli ya mzigo ameshailipa.

Madoa hayo ni ya ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Ni ugonjwa wa hila, kwani majani yanaweza kuonekana mazima mpaka siku ya kuvuna. Mwenzake, batobato kali, uliingia Kagera kutoka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Magonjwa yote mawili yanashughulikiwa na watafiti wanaolipwa kwa fedha za umma, wa Ukiriguru mkoani Mwanza na Maruku karibu na Bukoba. Vituo hivyo sasa viko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Swali la safu hii juma hili ni la kihasibu: mlipa kodi atajuaje kama fedha yake inafanya kazi?

Kipimo kilichozoeleka ni makala katika majarida ya kisayansi. Mhadhiri wa chuo kikuu hupandishwa cheo kwa makala hizo, na mwaka 2022 Serikali ilitangaza tuzo ya shilingi milioni 50 kwa mtafiti atakayechapisha katika jarida la kimataifa lenye hadhi ya juu. Si jambo baya. Makala hulazimisha kazi ikaguliwe na wataalamu wengine, na utafiti usiokaguliwa na mtu ni sawa na hesabu za duka ambazo mwenye duka amezikagua mwenyewe. Lakini makala haipandwi.

Kipimo cha pili ni idadi ya aina mpya za mbegu zilizoidhinishwa. Hapa tunasogea karibu na soko, ila bado hatujafika. Mbegu kama Mkombozi, inayostahimili batobato, inajulikana Kanda ya Ziwa. Tatizo ni hesabu ya kuzalisha. Punje moja ya mahindi hutoa punje mamia kwa msimu, bali shina moja la muhogo hutoa pingili kama kumi tu. Pingili ni nzito, hukauka upesi, na mkulima akishazipata hukata za kwake mwaka unaofuata. Ndiyo maana makampuni ya mbegu hayana hamu nazo. Sisi tuliosoma biashara tunalielewa hilo haraka kuliko wengine: mteja anayenunua mara moja hajengi kampuni.

Kwa hiyo kati ya siku mbegu inapoidhinishwa na siku pingili inapofika Ngara pana shimo. Mtafiti huandika kwamba kazi imekamilika. Halmashauri husema haina fungu la kuzalisha pingili. Mkulima hupanda alizopewa na jirani, na ugonjwa ndani yake.

Gharama ya shimo hilo imeonekana ng'ambo ya daraja. Mwaka 2014 michirizi ya kahawia iliharibu mihogo ya Rwanda, na kiwanda cha Kinazi wilayani Ruhango, kilichofunguliwa mwaka 2012, kikakosa malighafi ya kutosha. Kiwanda kizima kilikwamishwa na pingili. Muuzaji wa Tanzania mwenye mihogo safi angeweza kulitazama soko la namna hiyo kama bahati yake. Mwenye mihogo yenye madoa hana bahati yoyote.

Msomaji atasema basi tuhesabu pingili zilizogawiwa. Hapana. Kagera imeshapita huko. Kuanzia mwaka 1997 mradi uliofadhiliwa na Ubelgiji ulisambaza mkoani aina mpya za migomba zijulikanazo kama FHIA. Zilizaa vizuri na kuhimili magonjwa kuliko za asili. Aliyehesabu miche aliona ushindi. Aliyekwenda jikoni alipata jibu jingine, kwani kwa kupikwa walaji wengi waliendelea kuchagua ndizi zao za asili, na hizo mpya zikapata nafasi zaidi katika kuiva na kutengeneza pombe.

Hata hivyo, mizani ya soko peke yake nayo inadhulumu. Mnyauko wa migomba ulithibitishwa Muleba mwaka 2006. Hauna dawa. Walichotoa watafiti ni maarifa: kata ua dume mapema kwa kijiti chenye panda badala ya panga, choma panga moto au lisafishe kwa jiki. Baadaye utafiti, mwingi wake wa mashariki ya Kongo, ukaonyesha kwamba kuondoa mara kwa mara mgomba unaougua kunaweza kutosha, bila kung'oa shina zima na machipukizi yake. Maarifa hayo hayauzwi kwa kilo. Faida yake ni mikungu ambayo ingepotea, na hakuna daftari la forodha linaloandika mzigo uliookolewa.

Waingereza walianza kuvipima vyuo vikuu vyao kwa utafiti mwaka 1986, lakini ni katika tathmini ya mwaka 2014 tu ndipo manufaa ya utafiti nje ya chuo yalipopewa alama zake, asilimia 20. Iliyofuata, ya 2021, ikapandisha hadi 25. Nasi tusingoje karibu miaka thelathini.

Nchi za Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na Tanzania haijafika hapo. Watafiti wanapodai fedha zaidi wana haki. Lakini bajeti ya Wizara ya Kilimo inaposomwa bungeni, ingefaa iambatane na jedwali moja: mbegu iliyoidhinishwa miaka 5 iliyopita, imepandwa hekta ngapi, wilaya kwa wilaya, Ngara na Biharamulo zikiwemo, na pale ilipokwama, imekwama kwa nani, kwa mtafiti, kwa mzalishaji wa pingili au kwa halmashauri. Kwa magonjwa kama mnyauko, jedwali lionyeshe mashamba yaliyougua mwaka uliopita na mwaka huu. Kazi ya kukusanya takwimu hizo haihitaji mfadhili. Maofisa ugani wa kata wapo, na siku za gulio zinajulikana.