Biashara ya video Mugumu ina gharama zisizoingia daftarini

Na Mwandishi Wetu, Serengeti

WAKATI macho ya wafanyabiashara wengi mkoani Mara yameelekezwa kwenye bei ya mahindi na mifugo, ipo bidhaa moja isiyopimwa kwa debe wala kwa kilo ambayo inauzwa kila siku kuanzia Sirari hadi Mugumu. Bidhaa hiyo ni video: nyimbo za litungu, bongofleva, mahubiri, ngumi na filamu zilizotafsiriwa, zinazoshushwa kutoka kwenye intaneti hadi kwenye kompyuta ya kibanda na kisha kuingizwa kwenye memori kadi ya mteja.

Nilikaa saa mbili katika steshenari moja mjini Mugumu. Kijana wa bodaboda alileta memori yake, akataja waimbaji anaowataka, akalipa, akaondoka. Wakosoaji wa mjini hupenda kumwita mteja huyu mwizi. Kwa maoni yangu ni mtu anayejua hesabu.

Tuchukue mfano, na namba hizi ni za kufanyia hesabu tu. Video kumi za MB 40 kila moja ni MB 400. Ikiwa bando la GB 1 ni Sh 2,000, kuzitazama mara moja mtandaoni ni kama Sh 800. Akizitazama mara tano ametumia Sh 4,000. Kibanda kikimwingizia zote kumi kwa Sh 1,000, atazitazama mpaka achoke, hata akiwa mahali ambapo mtandao haushiki. Kwa upande wa muuzaji, bando lilinunuliwa mara moja tu. Wateja 30 wanampa Sh 30,000, na kuanzia mteja wa pili gharama yake ni umeme na muda. Tuliosoma biashara tunajua kwamba bidhaa yenye gharama ya nyongeza inayokaribia sifuri haizuiwi kwa makaripio. Enzi za ruksa kanda za muziki zilinakiliwa hivyo hivyo, na makaripio yalikuwepo.

Tatizo ninaloliona liko kwenye chombo cha kazi. Vibanda vingi hutumia programu ndogo ya nyongeza inayopachikwa kwenye brauza, ile inayoonyesha alama ya kushusha kila video inapoanza kucheza. Mwenye duka huihesabu kuwa ya bure. Hapo ndipo daftari lake linapokosea.

Msomaji aelewe inavyofanya kazi. Siku hizi video nyingi mtandaoni haziji kama faili moja bali vipande vidogo vidogo vyenye orodha yake. Programu ya nyongeza husikiliza kila kinachopita ndani ya brauza, hukamata orodha ile, huvuta vipande na kuviunganisha kuwa faili moja. Ili iweze kusikiliza hivyo, nyingi huomba ruhusa ya kusoma na kubadili data zote katika tovuti zote unazotembelea. Maneno hayo hutokea kwenye kioo siku ya kuipachika, na watu hubonyeza kukubali bila kusoma. Kwa kompyuta ya mtu mmoja nyumbani, hasara ni yake. Kwa kompyuta ya steshenari mambo ni mengine.

Baada ya yule kijana, kiti kile kile kilikaliwa na binti aliyemaliza kidato cha sita, akiombewa mkopo wa elimu ya juu. Brauza ni ile ile, na alama ya kushusha video ilikuwa inaonekana pale juu kulia. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mtihani, anwani ya barua pepe na neno la siri, vyote vilipita mbele ya programu ambayo hakuna mtu katika chumba kile aliyejua mwenyewe ni nani. Nilipomuuliza mwenye duka alicheka, akasema, “Ndugu mwandishi, hii inashusha nyimbo tu.”

Huenda yake inashusha nyimbo tu. Zipo za waundaji waaminifu zilizodumu miaka mingi. Lakini Desemba 2020 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Avast ilitangaza kukuta programu 28 za nyongeza za brauza za Chrome na Edge zikiwa na maagizo mabaya ndani yake, na nyingi kati yake zilijinadi kuwa za kusaidia kushusha video na picha za Facebook, Instagram na Vimeo. Zilikuwa zimepakuliwa na watu wapatao milioni 3, na miongoni mwa vilivyochukuliwa ni tarehe za kuzaliwa na anwani za barua pepe. Kingine kinachoongeza hatari ni kwamba duka la Chrome haliruhusu programu za kushusha kutoka YouTube. Anayeng'ang'ania Chrome kwa kazi hiyo huishia kuokota faili pembezoni, ambako hakuna aliyelikagua.

Dawa yake haihitaji mtaji. Kibanda kiwe na brauza mbili: moja ya video, yenye programu ya nyongeza, na nyingine tupu, ya fomu za watu tu. Akishindwa hilo, afungue dirisha la faragha, ambamo programu za nyongeza hazifanyi kazi mpaka uziruhusu mwenyewe. Na asikubali brauza ihifadhi neno la siri la mteja.

Gharama ya pili humwangukia mwimbaji. Kwa njia iliyozoeleka, YouTube huanza kumgawia mwenye chaneli mapato ya matangazo akifikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Video inayochezwa kutoka kwenye memori huko Nyamongo haiongezi hata dakika moja katika hesabu hiyo. Masharti ya YouTube yenyewe yanakataza kushusha bila kibali chake, na Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya 1999 inatofautisha nakala ya matumizi binafsi na nakala ya kuuza. Kibanda kinauza.

Hata hivyo sidai kwamba kila memori ni hasara kamili kwa msanii. Yule kijana asingenunua bando la kumtazama. Angekosa tu kumsikia, na asingemwita kwenye harusi ya kaka yake. Mwimbaji wa litungu anaishi kwa kuitwa kwenye sherehe. Ningekuwa mshauri wake ningemwambia apeleke faili zake mwenyewe kwenye vibanda vya Tarime, Sirari, Nyamongo na Mugumu, zikiwa safi, na namba yake ya simu ikiwa imeandikwa chini ya picha, kwa makubaliano ya malipo kidogo kila mwezi. Mwenye kibanda ataokoa bando, na kwa nyimbo hizo hatahitaji programu ya nyongeza kabisa.

Nilimwachia yule mwenye duka wazo la brauza mbili. Alisema atalifanya kompyuta ikipoa. Wiki ijayo safu hii itarudi kwenye mahindi.