Shahada ya Meneja Aliye Kazini: Jibu kwa Mwenye Kuibeza

Nimeisoma kwa makini makala ya mwandishi adaiye kwamba meneja anayerudi darasani hanunui elimu bali lakabu, na kwamba hata Henry Mintzberg, mtaalamu wa uongozi kutoka Kanada, alikwisha kuhukumu hivyo katika kitabu chake cha mwaka 2004, Managers Not MBAs. Dai hilo ni batili. Alichokilaumu Mintzberg ni kuwafundisha uongozi vijana ambao hawajapata kuongoza mtu. Ama walio kazini, yeye mwenyewe alishiriki kuwaanzishia programu ya shahada mwaka 1996, wakatafakari humo tajriba zao wenyewe.

Wala kuwasomesha shahada mameneja walio kazini si bidaa ya juzi: Chuo Kikuu cha Chicago kilianza kufanya hivyo mwaka 1943, katikati ya vita.

Mtazame msimamizi wa duka la jumla anaposomeshwa jioni mtiririko wa fedha. Kijana asiyepata kulipa mishahara huliona somo kuwa hesabu tu. Lakini msimamizi huyo, ambaye asubuhi ile alimsihi mdai angoje mwisho wa mwezi kwa kuwa bidhaa zimejaa ghalani na kasha halina kitu, hutambua papo hapo kwamba faida iliyoandikwa daftarini si fedha taslimu, na kesho yake hupunguza maagizo.

Ada ni ghali, nakiri, na vyuo viuzavyo vyeti vipo, hivyo vishutumiwe. Ama kumwambia mtu mzima kwamba wakati wa kupata elimu ya kazi yake umempita, hiyo ni dhuluma, na mwandishi yampasa aifute kauli yake.