Nani Kasema Hiyo Siyo ya Kwetu?

Muhula uliopita nilipeleka mada ya mradi wangu wa mwaka wa mwisho: chembe nano za lipidi za kubebea dawa za RNA. Supavaiza aliisoma dakika mbili, akatabasamu. "Kijana, hiyo siyo ya kwetu. Tafuta kitu cha mwarobaini." Nikatafuta. Sina ugomvi na mwarobaini, ila lile neno "siyo ya kwetu" limegoma kunitoka kichwani.

Wanazuoni wenzangu, tuangalie jambo lenyewe. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha kwamba RNA ya nyuzi mbili inaweza kunyamazisha jeni. Mwaka 2006 wakapewa Nobel. Lakini dawa ya kwanza ya aina hiyo, patisiran, iliidhinishwa Marekani 2018. Miaka 20! Kikwazo kikubwa kilikuwa usafiri. RNA ikiingia kwenye damu bila kufunikwa, vimeng'enya vinaitafuna, na ikifika kwenye seli inakuta mlango umefungwa.

Sasa nani anajua kuingia kwenye seli bila kupiga hodi? Kirusi. Kirusi cha mafua hukubali kumezwa na seli ndani ya kifuko, kikatulia humo mpaka kifuko kiwe na asidi. Hapo protini yake hubadilika umbo, utando wake ukaungana na wa kifuko, mzigo ukatoka. Watafiti nao wametengeneza lipidi zenye tabia inayofanana na hiyo: kwenye damu karibu hazina chaji, zikikutana na asidi ya kifuko zinapata chaji chanya na kuvuruga utando. Ndizo zinazobeba patisiran, na lipidi za jamii hiyo ndizo zilizobeba chanjo za Pfizer na Moderna za UVIKO-19.

Na kazi bado mbichi. RNA inayofanikiwa kutoka kwenye kifuko ni asilimia chache tu. Chembe nyingi zikidungwa kwenye mshipa huishia kwenye ini. Kufika kwenye ubongo ni shughuli nyingine kabisa.

Supavaiza wangu ana hoja: hatuna mashine za kisasa, na hela ya utafiti ni ya kuungaunga. Kweli. Lakini kuyeyusha lipidi kwenye ethanoli, kuzichanganya na bafa yenye rangi, kisha kupima kama zinavuja asidi ikiongezeka, hakuhitaji jengo jipya. Hakuna anayetegemea mradi wa shahada ya kwanza utoe dawa. Unatakiwa utoe mtu anayejua kuuliza.

Patisiran ilipotoka, bei yake ya orodha ilikuwa dola 450,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Tukikubali kuwa wateja tu, bei kama hiyo tutakuwa tunaisoma kwenye habari na kufunga ukurasa. Kwa hiyo wewe wa mwaka wa tatu unayeandika mada sasa hivi, ipeleke. Wakikukatalia, waombe sababu ya kisayansi. "Siyo ya kwetu" siyo sababu.