Simu haikuua ngoma



Katika vikao vya mila, iwe Baraka, Mboko, Lweba au Fizi yenyewe, maneno ni yale yale. Mzee mmoja anasimama, anakohoa kidogo, halafu anasema: "Simu ndo iliuwa ngoma yetu." Watu wanapiga makofi. Kijana anajibu pembeni, kwa sauti ya chini: "Bazee, mutuache, siku zimebadilika." Kikao kinaishia hapo, na kila mmoja anarudi kwake akiamini ameshinda.

Mimi nasema wote wawili wanajidanganya. Mzee analaumu chombo ambacho kingemsaidia. Kijana anajisifu kwa chombo ambacho hajui kukitumia. Na wakati wanabishana, wale wanaojua nyimbo wanazikwa mmoja mmoja.

Tuanze na mzee, maana heshima ni kumtangulia.

Mzee wangu, unasema muziki wa kigeni umeingia nyumbani kwa njia ya simu. Kwani ulianza kuingia lini? Ziwa letu halikuwahi kuwa ukuta. Kabla ya simu kulikuwa na radio, na wewe mwenyewe ulikuwa kijana wakati huo. Radio moja, mawe yanayoanikwa juani ili yapate nguvu tena, na watu kumi wamekaa chini ya mwembe. Mlisikiliza Dar es Salaam, mlisikiliza Bujumbura, mlisikiliza Kinshasa hewa ikiwa nzuri. Kaseti zilivuka kutoka Kigoma ndani ya mashua, pamoja na sabuni na vitenge. Aliyekuwa na kaseti mpya alikuwa mtu mkubwa mtaani. Aliikopesha kwa masharti, na mtu alipoirudisha ilibidi aseme wimbo upi ulimgusa na kwa nini. Hiyo ilikuwa nini kama si jumuiya ya wasikilizaji? Hakuna aliyesema kwamba radio imeua ngoma. Ngoma ilipigwa usiku, na radio ilisikilizwa mchana.

Tena wana wa Kongo ndio walionufaika zaidi na mwendo huo wa sauti. Remmy Ongala alizaliwa mwaka 1947 upande wa Kindu, kwa jirani zetu wa Maniema. Mwaka 1978 alikwenda Dar es Salaam kupiga na Orchestra Makassy, baadaye akaongoza Super Matimila. Ni nani aliyemfikisha Ulaya? Hakuwa waziri wala balozi. Ni rafiki aliyebeba kaseti yake mpaka Uingereza, akawapa watu waisikilize. Mwaka 1988 bendi ikaalikwa kwenye ziara ya tamasha la WOMAD. Kaseti moja na masikio machache yaliyo wazi yalitosha.

Angalia pia likembe, chombo ambacho vijana wengine wanakiona cha ushamba. Kule Kinshasa mzee Mingiedi na wenzake wa Konono N°1 waliunganisha likembe na vipaza sauti vilivyotengenezwa kwa vyuma vya magari mabovu. Walirekodiwa mwaka 1978 kwa ajili ya radio ya Ufaransa. Mbelgiji mmoja, Vincent Kenis, aliwasikia kwa njia hiyo ya radio, akawatafuta miaka na miaka mpaka akawapata. Sahani yao ya Congotronics ilitoka mwaka 2004, na dunia ikashangaa. Yaani sisi tulikuwa tunaona haya kwa chombo ambacho wengine walikuwa wanakitafuta kwa tochi.

Basi gurupu ya WhatsApp ni ule mwembe wa zamani, ila kivuli chake kimekuwa kirefu. Tunajua wote kwa nini kimerefuka. Vita vya 1996 vilitupeleka Nyarugusu na Lugufu, ng'ambo ya ziwa. Vita vya 1998 vikaongeza wengine. Lugufu ilifungwa mwaka 2009, watu wakahamishiwa Nyarugusu. Kuanzia 2015 maelfu wakapandishwa ndege kwenda Marekani, wengine wakaenda Kanada na Australia. Mwaka 2025, Bukavu ilipoanguka mwezi wa pili, watu wa Kivu ya Kusini wakavuka tena kwenda Burundi. Familia moja leo iko katika nchi tano. Mtoto aliyezaliwa kambini na kukulia Marekani atasikia wapi wimbo wa Ebembe? Hana uwanja wa ngoma, hana bibi wa kumwimbia jioni. Ana gurupu tu. Mjomba akiwa Baraka anatuma wimbo wa kwaya, shangazi akiwa Nyarugusu anasema, "Huo mtindo ulitoka kwenye nyimbo za kuvuta wavu," na mtu wa tatu anatuma mfano. Mtoto anasikiliza, anauliza neno moja, anajibiwa. Mzee wangu, hapo ngoma inakufa au inapumua?

Sasa nakugeukia wewe, kijana, maana nimeona unacheka.

Unasema kila kitu kiko kwenye simu. Fungua hiyo simu tuone. Wimbo wa bibi yako uliotumiwa mwaka jana unaitwa "AUD", kisha tarehe, kisha namba. Nani anaimba? Hakuna anayejua. Kijiji gani? "Fizi tu." Wimbo wa arusi au wa msiba? Kimya. Simu ikianguka majini pale bandarini, au ikiibiwa, wimbo umekwisha. Kaseti yenye karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ilikuwa na akili kuliko hiyo.

Usiniambie kwamba YouTube itakutafutia. Ile mashine inakusukumia kile ambacho wengi tayari wanakitazama. Kama hakuna anayeandika neno "Ebembe", mashine nayo itaujuaje? Itakupa nyimbo za Lagos, Dar es Salaam na Kinshasa, nawe utasema umegundua muziki mpya. Umepewa tu. Kugundua ni kuuliza mtu anayejua, na kumjibu anayekuuliza.

Jina lina nguvu kuliko tunavyofikiri. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi kijana Jean Bosco Mwenda na gitaa lake. Tracey alikuwa na tabia moja ambayo ni lazima tuiige: aliandika nani, wapi, lini, lugha gani. Kwa sababu hiyo Bosco alijulikana mpaka Nairobi, akaalikwa huko mwaka 1959, na mpaka leo wapiga gitaa wa nchi za mbali wanajifunza vidole vyake na kumtaja kwa jina. Tujiulize ni wapigaji wangapi wa mwambao huu, wa kuanzia Makobola mpaka Kazimia, waliokuwa hodari, lakini leo wanaitwa "mutu moja wa zamani".

Kuna jambo lingine ambalo halina mchezo. Si kila sauti ni ya kutuma. Nyimbo za jando na za vyama vya siri vya wazee zina wenyewe, zina mahali pake na wakati wake. Mtu anayejificha na simu mfukoni, anarekodi, kisha anatupa kwenye gurupu ili apate vidole gumba, ni mwizi. Lakini na ninyi wazee mna kosa hapa. Hamkusema kipi kimefunguliwa na kipi kimefungwa. Mnanyamaza, halafu mnakasirika. Mlango usio na mlinzi usimlaumu anayeingia. Kaeni, mkate neno: hizi zisirekodiwe kabisa, hizi zirekodiwe zihifadhiwe tu, hizi zitumwe popote. Kijana atatii sheria anayoijua.

Naomba basi chama chetu kiache kulia, kifanye kazi. Kila gurupu ya nyimbo iwe na mtu mmoja wa kuuliza maswali matano kabla wimbo haujasambazwa: jina la mwimbaji, kijiji chake, mwaka, lugha, na wimbo ni wa shughuli gani. La sita ni ruhusa: mwenyewe amekubali? Majibu yaandikwe kwenye daftari, si kwenye simu peke yake. Sauti yenyewe ihifadhiwe mahali pawili, moja hapa na nyingine kwa ndugu wa mbali, maana tunajua vita vinavyofanya nyumba zetu. Na wale walio Marekani, wanaolia kwamba wamekosa mila, walipe basi mega za kijana atakayetembea mpaka Lulenge na Ngandja kuwasikiliza wazee. Kulia ni bure, mega ni za pesa.

Ngoma za Burundi ziliandikwa UNESCO mwaka 2014. Rumba ya Kongo iliandikwa mwaka 2021. Jirani wa mashariki ameweka zake, ndugu wa magharibi ameweka zake, nasi tuko katikati tunabishana kuhusu simu. Hao waliweza kuonyesha majina, miaka na sauti. Sisi kesho tukiulizwa tutaonyesha nini, "AUD" na namba?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kwao siku hizi ni hapa na ng'ambo pia, lakini atatunzwa namna gani asiyejulikana jina? Mzee, imba. Kijana, andika jina lake kwanza, ndipo utume.